Antena Inayojikunjua

Ukipita kihambani asubuhi, iwe Kibosho au Marangu, tazama jani changa la mgomba. Hutoka limejisokota kama mkeka, kisha hujikunjua bila kuguswa na mtu. Shika picha hiyo, maana leo tunapanda nayo angani.

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, yapata kilomita 400 juu yetu. Ilipitia maabara ya Wajapani iitwayo Kibo. Naam, Kibo, jina lilelile la kilele chetu cha Kilimanjaro. Kwa Kijapani maana yake ni tumaini. Desemba 2022, setilaiti ya Uganda nayo ikapita mlango huohuo.

Setilaiti kama hiyo ya Kenya ni kisanduku cha sentimita 10 kila upande, chenye uzito wa kilo moja na kidogo. Sasa piga hesabu. Katika masafa ya megahezi 435, yanayotumiwa sana na setilaiti ndogo, wimbi lina urefu wa sentimita 69. Antena ya robo wimbi ni sentimita 17. Imezidi kisanduku chenyewe!

Wahandisi wengi wamepata jibu kwenye futi ya chuma ya seremala. Azima ya fundi, uivute. Imebonyea kwa urefu wake kama mfereji, ndiyo maana husimama bila nguzo. Ukiikunja inakubali, ukiiachia inafyatuka na kunyooka. Basi kipande chake huzungushwa kwenye kisanduku na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Setilaiti ikishaachiwa, husubiri nusu saa au zaidi, kisha betri hupasha moto waya mwembamba, uzi unakatika, antena inafunguka. Haihitaji mota, na uzito wake ni gramu chache tu.

Uzi usipokatika, setilaiti ni bubu, na huko hakuna fundi wa kupanda juu ya paa. Kwa hiyo antena hufungwa na kufyatuliwa mara nyingi mezani kabla ya safari.

Mwalimu wa fizikia unayetusikiliza, futi chakavu, uzi, waya na betri vinatosha kwa jaribio hili. Funika kingo za chuma zisimkate mtoto, kisha waachie wanafunzi wako wajaribu wiki hii.