Foto ya Kushika Mkononi

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite mbele ya wanachama na wafadhili, Kindu



Jambo tulilopewa kusema leo linaonekana dogo mbele ya mbegu, parseli na masomo ya watoto. Ni jambo la foto. Lakini tangu komite ilipoleta wazo la kutenga sehemu ya mfuko wetu kwa kuchapa foto kwenye karatasi, mabishano hayajaisha. Vijana wametuuliza bila kuficha: karatasi ya nini, wakati kila nyumba iko na telefoni, na video inafika Marekani kabla chai haijapoa? Swali ni la haki, na hatutaki kulijibu kwa kusema tu kwamba zamani ilikuwa vizuri. Zamani haikuwa vizuri. Sisi tunaijua.

Tuanze na kile tulichopoteza. Waasi wa RCD waliushika mji huu Oktoba 1998, na miaka iliyofuata kila mmoja wetu alitoka kwa njia yake. Wengine kwa mtumbwi wakifuata Lualaba, wengine kwa miguu porini, wengine mpaka Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 au ile ya Lugufu, wakarudi baadaye kwa meli toka Kigoma mpaka Baraka, kazi ya kuwarudisha watu ilipoanza mwaka 2005. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, anabeba sufuria, labda diploma ikiwa karibu. Albamu ni nzito. Albamu ilibaki ndani ya sanduku, na sanduku tunajua lilivyokwisha: mbao zilikuwa kuni, karatasi ziliwashia moto.

Tuliporudi, nyumba tulianza kuijenga tena. Mwembe ukikatwa unapanda mwingine. Lakini sura ya koko aliyekufa kabla ya vita haipandwi. Kati yetu kuna watu wazima, wenye watoto, ambao hawajawahi kuona sura ya baba yao. Mama mmoja alisema katika kikao cha Alunguli: "Batoto bananiuliza papa yao alifananaka na nani. Ninabaambia: muangalie yaya yenu mukubwa, njo yeye. Sina kingine." Hakuna aliyecheka.

Sasa, wale waliokuwa na bahati ya kuhifadhi foto moja, muwaangalie wanavyoitunza. Foto ya zamani ilikuwa kazi. Filamu moja ilikuwa na foto 36, na kila mkwaju ulikuwa na bei, basi mpiga foto hakubonyeza ovyo. Alikuja nyumbani siku ya ndoa au ya ubatizo, au siku ya Idi, akapanga watu: wazee wakae kwenye viti, wamama nyuma, watoto chini kwenye mkeka, yule mdogo atoe kidole mdomoni. Akasema tusitingizike. Kisha tukangoja. Filamu za rangi zilihitaji mashine na umeme, na wazee wetu wanakumbuka zilivyopanda ndege kwenda mji mwingine kusafishwa, halafu kungoja juma moja, mawili, pengine mwezi mzima ndege ikikosekana. Foto iliporudi, jirani wote walikuja kuiona. Kwa hiyo katika zile foto hakuna anayefanya mchezo. Mtu alivaa nguo yake bora, akasimama namna alivyotaka kukumbukwa. Tunasema hivi kwa sababu ya lile neno la mwisho: namna alivyotaka.

Video haitoi nafasi hiyo sana. Inakukuta ukila, ukilia, ukifokea mtoto. Tusiitukane, lakini. Kuna vitu ambavyo video inaweza na foto haiwezi. Tunao ndugu waliopelekwa Marekani na Kanada toka kambini, ambao hawawezi kuja kwa msiba. Wanalia nasi kwa njia ya telefoni, wanaona jeneza likishushwa, wanasikia wimbo. Mwaka huu wote hatujamzika mtu wetu bila kijana mmoja kusimama pembeni ameinua telefoni juu, na zamani tungemfukuza, leo tunamwachia nafasi. Tena sauti ya mzee akieleza mipaka ya shamba, au akitaja majina ya ukoo mpaka babu wa saba, hiyo ni kazi ya video na hakuna foto itakayoifanya. Vijana, hapo muko na haki, na tunaomba mfanye zaidi, mapema, maana wazee hawangoji.

Shida inaanza pale tunapofikiri kwamba kilichopigwa kimehifadhiwa. Kile mtu anachoweka kwenye statusi ya WhatsApp kinatoweka baada ya saa 24. Foto ikipitishwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ili isile mega nyingi. Telefoni inaanguka mtoni, inaibiwa, au inauzwa siku mtoto akiugua. Hapa Kindu, ambapo wengi wetu tunapeleka telefoni kuchaji kwa mwenye pano ya jua au jenereta, kumbukumbu inayohitaji umeme kila siku ni kumbukumbu ya kukodi. Na wenye zile kampuni wana mambo yao: mwaka 2021 mkubwa wa Instagram mwenyewe alisema wazi kwamba wao si tena mahali pa kugawana foto tu, wanataka video. Hawakutuuliza. Kesho watataka kitu kingine.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwa watu kama sisi ni zito kuliko la kwanza. Mwaka 1994, wakati Wanyarwanda mamia kwa maelfu walipovuka kuingia Goma, watoto wengi walipotea na wazazi wao. Mashirika, pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na UNICEF, yaliwapiga foto watoto hao mmoja mmoja. Uso mbele, na namba. Foto zikabandikwa kwenye mbao kambini. Mama alisimama mbele ya ubao, akaangalia sura moja, ya pili, ya hamsini, akarudi nyuma, akasogea tena. Mfikirie kazi ile kwa video. Video ina mwendo wake, wewe unaufuata. Ubao wa foto unakungoja. Mtu anaweza kuweka kidole juu ya sura na kumwita jirani: uje uone, huyu si yeye? Tangu 2013 Msalaba Mwekundu inafanya kazi ya namna hiyo huko Ulaya pia: anayetafuta jamaa anatoa foto yake mwenyewe, na chini yake kunaandikwa ni nani anamtafuta, dada, mtoto au mume. Karne hii, yenye video zote hizi, na bado foto isiyotingizika ndiyo inatafuta watu.

Lakini foto bila jina ni nusu ya kazi. Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo. Mnazijua zile kadi za posta za wakati wa Wabelgiji: mwanamke amesimama, na chini imeandikwa tu kabila lake, kama vile mtu anavyoandika jina la ndege au mti. Huyo mama alikuwa na jina. Alikuwa na wajukuu, ambao pengine wako kati yetu leo na wanaweza kupita mbele ya kadi ile bila kujua. Sasa muweke pembeni yake foto nyingine, iliyopigwa mwaka 1904 kule Baringa, upande wa Ekweta, na Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari. Baba ameketi kwenye baraza, anaangalia mkono na mguu wa binti yake, waliomuua watu wa kampuni ya mpira. Tunajua kwamba baba yule aliitwa Nsala, na mtoto aliitwa Boali, kwa sababu kuna mtu aliuliza na akaandika. Foto ile ilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, watu wa Ulaya wakashindwa kusema hawajui, na mwaka 1908 mfalme Leopold akalazimika kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Haikuwa mwisho wa mateso, tunajua. Lakini baba yule alikaa kimya, hakutingizika, na mpaka leo hakuna anayeweza kumpita haraka.

Tumeitaja pia kwa ajili ya wafadhili wetu, na hapa tunasema kwa heshima. Siku hizi ripoti inaombwa na video. Msaada ukifika, kabla mama hajaifungua gunia, telefoni iko usoni: sema asante, sema jina, sema ulikimbia nini. Tunaelewa kwamba na ninyi mna watu wa kuwaonyesha. Lakini kati yetu kuna watu waliokimbia vikundi ambavyo vingali porini, na wengine wamefika Kindu mwaka 2025 baada ya M23 kuingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Sura, sauti, jina na jengo lililo nyuma, vyote katika video moja iliyo wazi kwa dunia, ni kumwonyesha mtu kwa adui yake. Na hata pasipo adui, kuna aibu. Mtoto wa miaka kumi leo atakuwa na miaka ishirini kesho, na ile video ya mama yake akilia juu ya sahani bado itakuwa inazunguka.

Tumekubaliana katika komite, na tunawaomba mkubali nasi: ripoti zetu zitakuwa na foto na maandishi. Mtu anaonyeshwa foto yake kwanza. Akikataa, inafutwa mbele yake, na msaada haupungui. Akikubali, yeye mwenyewe anachagua jina lake liandikwe au lisiandikwe, na nakala moja ya karatasi inabaki nyumbani kwake. Hilo la mwisho ndilo tunalolipigania zaidi. Tumepigwa foto na wageni miaka mingi, kambini na hapa, na ni wachache kati yetu waliowahi kuzishika. Kama mfadhili anataka video, aje, aketi, azungumze na watu, na wenyewe waamue.

Kuhusu pesa tutasema kifupi. Kamera tunayo, ni telefoni nzuri ya mwanachama mmoja. Kinachogharimu ni wino na karatasi ya foto. Wino wa bei ndogo kwenye karatasi ya kawaida unayeyuka ukiguswa na maji, na rangi zinapauka kwa joto na mwanga. Msiseme tunataka anasa. Mnakumbuka kadi za uchaguzi za mwaka 2023, namna sura na herufi zilivyofutika katika mikono ya watu nchi nzima, wakati kadi ile ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku? Kitu kilichochapwa vibaya ni sawa na ambacho hakikuchapwa.

Na kwa wale ambao tayari wana foto za zamani: msizibandike kwenye albamu zenye gundi, zinang'ang'ania na kuchanika. Msizifunge kwenye saheti ya plastiki na unyevu wetu huu. Ukungu utazila ndani kwa ndani. Bahasha ya karatasi, ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, juu ya kabati na si chini, mbali na mchwa. Foto nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri inaweza kupita miaka mia. Nyuma yake muandike kwa kalamu ya risasi, polepole, karibu na ukingo: nani, mtoto wa nani, wapi, mwaka gani. Wino wa biki unapenya na kutoka upande wa mbele. Na mkitaka kutuma foto kwa ndugu walio mbali bila kuiharibu, mtume kwa WhatsApp kama dokima, si kama foto ya kawaida. Vijana wataonyesha namna.

Tutaanza na wazee, kwa sababu inayojulikana. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutakuwa Kasuku, ya pili Mikelenge, ya tatu tutavuka kwenda Alunguli. Wale wasioweza kutembea watapigwa foto nyumbani. Nguo anachagua mwenyewe. Mwenye foto ya zamani ya jamaa aje nayo, tutaipiga upya papo hapo mbele yake na kumrudishia mkononi, haitalala kwetu hata usiku mmoja. Kijana mmoja atakuwa na daftari, ataandika majina yote, hata ya wale waliosimama nyuma. Na yule mama wa Alunguli amesikia kwamba kuna shemeji yake Kisangani aliyebaki na foto moja ya ndoa. Tumekwisha kumwandikia.