Malezi ya Mtoto wa Mbwa: Afya, Lishe na Mazoezi Katika Miezi Sita ya Mwanzo

1. Utangulizi

Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni, hasikii wala hawezi kujipasha joto mwenyewe. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, na akifikisha wiki nne huwa anatembea, anabweka na kuanza kulamba chakula. Kwa kuwa ukuaji huo ni wa kasi, wiki chache za kukosa dawa au chakula bora hutosha kumwachia udhaifu wa kudumu.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Huletwa akiwa mdogo, akafungwa mnyororo nyuma ya nyumba na kulishwa makombo, na chanjo hufikiriwa pale tu ugonjwa unapoingia. Mada hii inaonyesha kwamba kinga, lishe na mazoezi ni mambo yanayotegemeana: mwenye minyoo hanufaiki na chakula, mwenye utapiamlo hupambana na maradhi kwa shida, na anayefungwa mchana kutwa huharibika mwili na tabia.

2. Kutoka kwa mama hadi kwa mfugaji

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, hubeba kinga ya mama, na utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa takriban saa 24 tu baada ya kuzaliwa. Kuachishwa kunyonya huanza wiki ya tatu au ya nne na hukamilika karibu na wiki ya nane. Mtoto asichukuliwe kabla ya hapo, kwani ni katika kucheza na ndugu zake anapojifunza kung'ata bila kuumiza.

3. Minyoo na kupe

Minyoo mviringo aina ya Toxocara canis hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto angali tumboni, na pia kupitia maziwa. Ndiyo maana dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mama naye hutibiwa wakati huohuo. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kila mara kabla ya kupewa dawa.

Minyoo ya safura ni hatari zaidi kwa sababu hunyonya damu. Dalili zake huonekana kwenye fizi. Mdomo wa juu huinuliwa taratibu na fizi kubonyezwa kwa kidole: palipobonyezwa hugeuka peupe, kisha rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka kabla hata ya kubonyezwa ni ishara ya upungufu wa damu, na mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kupe wa mbwa hutaga mayai kwenye nyufa za kuta na sakafu ya banda, hivyo kumsafisha mbwa bila kusafisha banda ni kazi bure. Ukaguzi wa kila jioni huanzia ndani ya masikio, ukaenda chini ya mkanda wa shingo, kwapani na kati ya vidole. Kupe hung'olewa kwa kibano akiwa ameshikwa karibu kabisa na ngozi. Asipasuliwe kwa vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa mtoto wa mbwa bila maelekezo ya daktari, kwani huweza kumwua kwa sumu.

4. Chanjo

Parvo, distempa, homa ya ini ya mbwa na leptospirosisi, ambayo Tanzania huitwa pia homa ya mgunda, zina chanjo. Dozi ya kwanza hutolewa wiki ya sita hadi ya nane, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Wafugaji wengi huishia kwenye dozi ya kwanza wakidhani imetosha. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga iliyotoka kwa mama, ingali na nguvu, huizuia chanjo kufanya kazi, na siku inayokwisha hutofautiana kutoka mtoto mmoja hadi mwingine.

Parvo iligunduliwa miaka ya 1970 na mwaka 1978 ilianza kuenea duniani. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Dalili ni kutapika, kukataa chakula na kuhara damu yenye harufu kali. Pale alipofia mbwa wa parvo pasafishwe vizuri, kisha pamwagiwe dawa ya klorini ya kufulia iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji. Mtoto asiyekamilisha chanjo asiletwe hapo. Distempa nayo haiishii kwa mbwa: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walihusishwa na maambukizi hayo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mtoto akifikisha wiki 12, na kurudiwa baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huu kuwa 59,000 kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

5. Lishe

Hadi miezi mitatu, mtoto alishwe mara nne kwa siku. Miezi mitatu hadi sita, mara tatu. Kisha mara mbili. Maji safi yawepo wakati wote. Maziwa ya ng'ombe kwa wingi humharisha.

Ugali mtupu hushibisha lakini haujengi mwili. Kila mlo uwe na protini: dagaa, nyama iliyopikwa au mayai. Dagaa waoshwe mchanga na chumvi, wachemshwe na kutwangwa pamoja na miiba yao ili wampe mtoto kalisi. Mbwa anayelishwa nyama peke yake hukosa kalisi, mifupa ikalainika na miguu kupinda. Kwa upande mwingine, mbegu kubwa kama German Shepherd na Rottweiler, zikiwa zinalishwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, zisiongezewe kalisi, kwani ikizidi huharibu mifupa.

Mahindi yaliyoota ukungu yasipikiwe mbwa. Sumukuvu huharibu ini, na mbwa huathirika nayo haraka. Ni sumu hiyohiyo iliyoua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Maini na mapafu mabichi ya mifugo yenye vifuko vya maji yachomwe au yafukiwe kwa kina: mbwa akiyala hupata tegu ambaye mayai yake huota vifuko kama hivyo mwilini mwa binadamu, tatizo linalojulikana sana Turkana na Umasaini. Vitunguu, chokoleti, zabibu na makadamia ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Kipimo cha lishe ni mbavu. Mkono ukipita ubavuni unapaswa kuzihisi kwa wepesi. Zikionekana kwa mbali ni njaa au minyoo, na zisipohisika kabisa chakula kimezidi.

6. Mazoezi na usingizi

Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na hapaswi kuamshwa na watoto wa nyumbani ili wacheze naye. Mifupa yake hurefuka karibu na ncha, penye sehemu laini zinazokomaa karibu na mwaka mmoja, au miezi 18 kwa mbegu kubwa. Kwa hiyo kumkimbiza kando ya baiskeli, kumrusha juu au kumzoeza kuruka uzio kunaweza kumjeruhi. Michezo mifupi mara kadhaa kwa siku, kwenye udongo au nyasi, asubuhi na jioni lami ikiwa imepoa, inatosha.

Wiki ya tatu hadi ya 14 ndicho kipindi anachozoea ulimwengu. Akiwa mikononi au ndani ya uzio, aonyeshwe wageni, watoto, pikipiki na kuku, hata kabla ya kumaliza chanjo. Aliyefungwa mnyororo katika wiki hizo hukua akiwa mwoga, na woga huzaa kung'ata. Meno 28 ya utoto huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne. Kipindi hicho apewe kitu kigumu cha kutafuna kisichovunjika.

7. Mapendekezo

(a) Kila mtoto wa mbwa awe na kadi inayoonyesha tarehe za dawa, chanjo na uzito wa kila wiki.
(b) Anayegawa watoto wa mbwa awape dawa ya minyoo mara tatu kabla ya kuwakabidhi, na asiwakabidhi kabla ya wiki ya nane.
(c) Maafisa mifugo waunganishe kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa na utoaji wa dawa ya minyoo, kwa kuwa mfugaji huwa amekwisha kufika na mbwa wake.
(d) Kinyesi cha mbwa kifukiwe kila siku, na watoto wafundishwe kunawa mikono baada ya kumshika mbwa.
(e) Mnyororo usitumike kwa mbwa aliye chini ya miezi sita. Mahali pake pawe banda lenye kivuli na uzio.