Mkono Uliovisha Kiti
Mhadhara wa umma, Nansio, Ukerewe



Nitazungumza juu ya kiti cha Kiingereza cha karne ya 18, kile chenye mikono miwili, kilichovishwa maua ya sindano mgongoni na mahali pa kukalia. Kinapouzwa mnadani London, husifiwa kwanza mbao zake. Nazo zina habari nzito. Mwaka 1721 Uingereza iliondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, na mahogani ya Jamaika, iliyokatwa kwa jasho la watumwa, ikamiminika karakanani. Baada ya mbao hutajwa fundi. Thomas Chippendale alichapisha kitabu chake cha michoro ya samani mwaka 1754, na katika baadhi ya viti alieleza kwamba mgongo na kikalio vimekusudiwa kuvishwa kazi ya sindano. Kazi hiyo ingefanywa na nani? Mara nyingi na mama mwenye nyumba, binti zake na watumishi wake. Majina yao ni nadra kuyakuta.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kitambaa ni cha kitani, kimefumwa wazi hata vitundu vyake vikahesabika. Uzi wa sufu, na hariri pale panapotakiwa mng'ao, hupitishwa kimshazari juu ya kila makutano ya nyuzi, safu baada ya safu, hadi kitani chote kifunikwe. Kiti kimoja humeza maelfu ya mishono ya namna hiyo. Utaona pia majani ya maua yamekuwa ya buluu, na mtu akadhani mshonaji alipenda hivyo. Sivyo. Kijani cha zamani kilipatikana kwa kutia uzi rangi mbili, buluu na njano, zote za mimea. Njano ikaliwa na mwanga, buluu ikabaki. Ukikigeuza kitambaa, upande usiopata jua bado una kijani chake, na hapo ndipo utaona mafundo, na mahali uzi ulipokwisha ukaungwa mwingine. Mimi naamini historia ya kiti hicho imeandikwa upande huo kuliko upande wa mbele.

Mwaka 1804 Berlin ilianza kuchapa michoro ya maua kwenye karatasi za miraba, iliyotiwa rangi kwa mkono, ili mshonaji ahesabu mraba kwa mshono. Waingereza waliipenda mno. Wakati huohuo wanaume wao walikuwa wakijipaka mafuta ya nywele yaliyouzwa kwa jina la Makassar, na migongo ya viti ikachafuka. Wanawake wakabuni dawa: kitambaa cheupe kilichofumwa au kudariziwa, kinachotandikwa mgongoni, kikichafuka kinafuliwa.

Hapo ndipo tunapofika sebuleni kwetu. Vitambaa vya makochi ni ndugu wa vile. Sisemi sindano ililetwa na Mzungu; kofia za viua za pwani zinatosha kukanusha. Lakini shule za misheni ziliwafundisha wasichana wengi kushona, kufuma na kudarizi, na wao wakakichukua kitambaa hicho wakakipa kazi yao wenyewe. Siku ya mgeni hutolewa sandukuni, kimetiwa wanga kikakauka kwa pasi, ukingo umefumwa kwa kulabu, na katikati kuna ua jekundu au maneno ya kumkaribisha aliyekuja. Kochi la mninga lenye sponji lililochongwa na fundi wa mtaani hugeuka kiti cha heshima kwa kitambaa hicho tu.

Kisiwa hiki kinajua thamani ya kuandika mambo ya nyumbani. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya iliyojaa maisha ya mji wa Mkerewe, kuanzia mapokezi ya wageni hadi dawa za uzazi. Alisubiri hadi 1980 ndipo tafsiri yake ya Kiswahili ikachapishwa, akafariki mwaka uliofuata. Alijua kwamba yasiyoandikwa na mwenyeji hubaki kuandikwa na mpita njia, au yasiandikwe kabisa.

Ng'ambo ya maji, Bujora, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yana banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ni heshima kubwa kwa kiti na kwa aliyekikalia. Naomba chuo chochote cha Kanda ya Ziwa kinachofundisha historia kiwatume wanafunzi wake Nansio, Bukindo na Murutunguru, waingie sebuleni kwa ruhusa ya wenyewe, wapige picha vitambaa pande zote mbili, waandike jina la aliyeshona, alifundishwa na nani, mwaka gani, na uzi ulinunuliwa wapi. Waanze na bibi zao, kwa kuwa wengi wao bado wapo na wanakumbuka.