Kelele na Hukumu ya Msikizi



Kelele ni katika mambo ambayo kila mwenye masikio hudhani ayajua, na kwa sababu hiyo nimeona yastahiki kupewa tafakuri katika ukumbi huu. Kwani muradi wangu ni kudhihirisha kwamba kelele si sifa ya sauti yenyewe, bali ni hukumu aitoayo msikizi.

Ushahidi wa kwanza umo katika historia ya neno. Waingereza husema noise, neno walilolipokea kutoka Kifaransa cha kale, na wanazuoni wengi wa lugha hulirejesha kwenye nausea ya Kilatini, yaani kichefuchefu cha baharini, ambayo nayo ilitokana na Kiyunani, kwa mzizi wa naus, maana yake merikebu. Yamkini wasafiri waliolevywa na bahari, kwa kugumia na kutapika kwao, ndio walioyapa maradhi yao njia ya kuwa jina la ghasia. Na huko Ufaransa kwenyewe neno hilo leo limesalia zaidi katika msemo wa kumtafutia mtu ugomvi. Basi tangu asili lilieleza adha ya mtu, si namna ya mlio.

Wahenga wetu walilitambua hilo waliponena kwamba kelele za mlango haziniwasi usingizi: bawaba ni ile ile na mlio ni ule ule, ila mgeni hukesha na mwenye nyumba hulala. Vivyo hivyo, asiyejua mila za pwani akisikia vigelegele vya harusini na ukunga wa aliyevamiwa, vyote kwake ni makelele, hali mwenyeji huitikia kimoja kwa pongezi na kingine kwa rungu mkononi.

Hata elimu ya mbingu imepita njia hiyo. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, nchini Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson wa maabara za Bell walisumbuliwa na mvumo hafifu katika eriali yao kubwa yenye umbo la pembe, mvumo usiokoma usiku wala mchana, wala usiobadilika popote eriali ilipoelekezwa. Wakakagua maungio, wakawaondoa njiwa waliojenga kiota ndani yake, wakasafisha na kinyesi chao, mvumo ukabaki. Mwaka 1965 ikabainika kwamba walichokiita kelele kilikuwa ni mabaki ya joto la ulimwengu wa awali, kiasi cha nyuzi 3 juu ya sifuri halisi, na mwaka 1978 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Wangaliweza kuutoa mvumo ule katika hesabu zao wakaendelea na kazi, na hapana ambaye angaliwalaumu. Nanyi wanafunzi, mtakaposhika madaraka, mtaletewa malalamiko ya wakulima, ya wafanyakazi na ya wajane, na mtashawishika kuyaita kelele. Nawausia myachunguze kwanza, kwani mwenye kuhukumu kabla ya kusikiliza amejinyima elimu, na amemdhulumu mwenzake haki.