Kikulacho ki nguoni mwako: mazungumzo juu ya bastola za kuficha

(Maneno yaliyotolewa mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao, Kivu ya Kaskazini)

 

Leo tumekuja kuongea juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Tunapotembelea makambi na familia zinazopokea wageni, akina baba hutuvuta pembeni na kutuuliza: "Mimi sitaki kwenda msituni. Nataka tu kitu kidogo cha kuweka kiunoni chini ya koti, wezi wakija usiku nilinde watoto. Nichague kipi?"

Ndugu zetu, anayeuliza hivyo si mtu mbaya. Ameacha shamba, ameacha mifugo, na mlango wake leo ni kipande cha plastiki. Kumjibu "silaha ni mbaya" na kwenda zetu ni kumdharau. Basi tulichukue swali lake jinsi lilivyo, tulipime pamoja hatua kwa hatua.

1. Kitu chenyewe kinaweza nini?

Bastola inayofichika vizuri ni ile ndogo, na udogo una gharama yake. Bastola ndogo ya silinda hubeba mara nyingi risasi 5. Ile ndogo ya magazini hubeba kama 6 hadi 10. Mdomo wake ni mfupi, kwa hiyo kulenga ni kugumu. Tena kwa kuwa ni nyepesi, inaruka mkononi kila inapolia. Mtu ambaye hakufundishwa hawezi kuitumia gizani, akiwa ametoka usingizini na mikono inatetemeka.

Hata waliofundishwa hukosa. Mwaka 2008 ilitolewa ripoti juu ya polisi wa jiji la New York, Marekani. Hao ni watu wanaolipwa na kufanya mazoezi ya kulenga. Ilionekana kwamba, pale ambapo polisi na adui walipigana risasi, katika kila risasi 100 za polisi ni 18 hivi tu zilizompata waliyemlenga. Zile nyingine 82 zilikwenda kwingine. Sasa tujiulize: katika kambi, kwingine ni wapi? Ni kwa jirani.

Na wanaokuja usiku huku kwetu mara nyingi hawaji mmoja. Wanakuja kikundi, na Kalashnikov ambayo magazini yake ya kawaida hubeba risasi 30. Baba mwenye risasi 5 akianza kupiga, amegeuza wizi wa unga na simu kuwa vita, na vita hiyo anapigana nayo watoto wakiwa nyuma ya mgongo wake.

2. Kuficha kunasaidia nini?

Silaha iliyofichwa haimwogopeshi mwizi, kwa sababu mwizi hajui kama ipo. Atakuja vilevile. Na siku akijua kama ipo, atakuja kwa ajili yake, kwa kuwa bastola ni mali kuliko sufuria na gunia. Atakuja na wenzake, na atapiga kwanza. Kwa hiyo ikifichika haizuii wezi, na ikijulikana inawaita.

Tena katika kambi, ni kitu gani kinachofichika? Ukikohoa, bloku nzima inasikia. Mke anajua, mtoto ameona, jirani amesikia chuma kinagonga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisema hivyo kabla ya bastola, lakini neno hilo linaifaa.

3. Usiku inalala wapi?

Katika nchi ambazo sheria inaruhusu raia kuwa na bunduki, mafundisho ya usalama ni yale yale: ifungiwe kwa ufunguo, risasi ziwekwe mbali nayo. Nani kati yetu ana sanduku la chuma chini ya bashi? Na ukiifungia hivyo, haitatoka kwa wakati mwizi akiingia. Ukiiweka chini ya mto ili iwe karibu, iko karibu pia na mkono wa mtoto.

Tuseme neno moja linaloweza kuokoa maisha. Watu wengi wanafikiri wakitoa magazini, bastola imekuwa tupu. Sivyo. Risasi moja inaweza kubaki ndani ya chemba, na bastola nyingi hulia zikivutwa hata kama hazina magazini. Watoto na watu wazima wamekufa katika nchi nyingi kwa kosa hilo.

Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada hufuata, zinaomba nafasi ya angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba katika kambi. Mnajua wenyewe kwamba mara nyingi hata hiyo haipatikani. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Bashi haiizuii, wala ubao. Ikitoka kwa bahati mbaya saa tatu za usiku, inapita nyumba ya kwanza, na pengine ya pili, kila moja na watoto wake.

Kuna pia ugomvi wa nyumbani. Tunajua maisha ya kambi: hakuna kazi, kuna pombe, kuna masikitiko, na mume na mke hugombana kwa vitu vidogo. Mwaka 1993 mganga Arthur Kellermann na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa katika sehemu 3 za Marekani. Waliona kwamba hatari ya mtu kuuawa nyumbani ilikuwa karibu mara 3 katika nyumba zenye bunduki, na hatari hiyo ilitoka hasa kwa watu wa familia na wa karibu. Marekani si Kivu. Lakini hasira ya binadamu ni moja, na sisi hatuna hata mlango wa kumfungia nje aliyekasirika.

4. Sheria, na jina la kambi

Katika nchi yetu, sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo inayosimamia silaha na risasi. Raia haruhusiwi kuwa na bastola bila kibali cha serikali. Tarehe 21 Aprili 2004 Kongo ilitia sahihi Mapatano ya Nairobi pamoja na nchi za jirani, zikaahidi kudhibiti silaha ndogo ndogo zilizo mikononi mwa raia. Bastola inayouzwa usiku nyuma ya soko haina kibali. Tena hujui imetoka wapi. Kama iliua mtu jana, leo kesi yake iko kiunoni mwako.

Lakini sheria si jambo zito kuliko yote. Jambo zito ni hili: kinga kubwa ya kambi ni kwamba ni mahali pa raia. Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009, juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, yanakataza makundi yenye silaha kujipenyeza mahali walipokimbilia raia au kuharibu hali ya kiraia ya mahali hapo. Kuwa na bastola hakumfanyi baba kuwa mpiganaji mbele ya sheria. Lakini askari wa upande wowote anayesaka usiku hana subira ya kuuliza. Akikuta bastola moja katika nyumba moja, atasema, "Kambi hii ni ya adui." Na atakayelipa si mwenye bastola peke yake.

Wazee hapa wanakumbuka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu: Kibumba, Katale, Mugunga. Kati ya familia zile walikuwamo askari wa jeshi la zamani na Interahamwe na silaha zao. Mwaka 1996 makambi yale yalishambuliwa na kuvunjwa, na mama na watoto wasio na kosa waliuawa. Na juzi tu, mwaka 2024, Madaktari Wasio na Mipaka walipaza sauti juu ya silaha zilizozagaa ndani na kando ya makambi ya Goma, na juu ya mama na wasichana waliokuwa wakibakwa. Mwanzoni mwa 2025 makambi yale yakatawanyika. Silaha hazikuwa zimepungua kule, wala usalama haukuwapo.

5. Basi tufanye nini?

Hatuwezi kuwaambia "acheni" bila kuwaambia "shikeni". Nasi hatuahidi kwamba mambo haya yatamzuia kila mtu mbaya. Lakini mambo haya, tofauti na bastola, hayaui mtoto wa jirani.

– Firimbi kwa kila nyumba, na alama moja inayojulikana na wote. Bastola ya kificho haisikiki mpaka mtu amekufa, lakini firimbi inaamsha bloku nzima.

– Kamati ya usiku isiyo na silaha, wanaume na wanawake, kwa zamu na kwa majina yaliyoandikwa, pamoja na tochi. Kazi yao ni kuona na kuita watu. Kazi yao si kupigana, wala kumpiga aliyekamatwa.

– Taa kwenye vyoo na kwenye bomba la maji. Viongozi waziombe kwa barua, na mama ndio waonyeshe mahali pa giza, maana wao ndio wanaopapitia.

– Kwenda kuni kwa kikundi, na kutumia mbabula zinazopunguza kuni, ili safari za hatari zipungue.

– Fedha zisilale nyumbani. Likelemba na ushirika hupunguza kile ambacho mwizi anakuja kutafuta.

6. Kwa yule aliye nayo tayari

Ndugu, hatuulizi jina lako. Usiitupe kwenye majani wala chooni, mtoto ataiokota. Usiibebe mwenyewe njiani ukijifanya unaipeleka polisi, unaweza kukamatwa au kuuawa kabla ya kufika. Mwendee kwanza mtu unayemwamini, yaani padri, mchungaji, imamu au mzee wa bloku, yeye atafute njia iliyo salama. Na wewe mzee uliyeambiwa siri hiyo, usiipokee mkononi wala usiiweke kanisani. Tafuta kwanza wenye mamlaka na ujuzi wa kuichukua, na mpatane jinsi mwenye kuitoa atakavyolindwa.

Njia hiyo ilikwisha kupitiwa. Katika Katanga, miaka ya 2000, shirika la makanisa PAREC lilipokea silaha na kutoa baiskeli. Msumbiji, kuanzia mwaka 1995, Baraza la Wakristo pamoja na Askofu Dinis Sengulane walibadilisha bunduki kwa mashini za kushona, baiskeli na majembe. Tarehe 27 Machi 1996, huko Timbuktu katika nchi ya Mali, silaha karibu 3,000 zilichomwa moto mbele ya watu. Mahali pote hapo watu walikuwa na hofu kama sisi. Walichofanya ni kukubaliana kuzitoa pamoja, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza peke yake.

Ndiyo sababu leo hatusemi na baba mmoja mmoja. Mwanaume hununua bastola kwa sababu anaamini usiku yuko peke yake. Viongozi, kazi yenu ni kuhakikisha kwamba hayuko peke yake. Akipiga firimbi saa nane za usiku na nyumba 20 zikawasha tochi, ana kinga ambayo hakuna bastola inayoweza kumpa. Akipiga na hakuna anayetoka, kesho atakwenda kutafuta chuma, na sisi sote tutakuwa tumemsukuma.

Maswali ya kuzungumza katika bloku:

1. Mara ya mwisho mtu alipopiga kelele usiku, nani alitoka? Nani hakutoka, na kwa nini?

2. Ni mahali gani katika kambi mama na wasichana wanaogopa kupita?

3. Mtu akitaka kutoa silaha kwetu, atamwendea nani bila woga?

 Amani ikae katika nyumba zenu, hata zile za plastiki.