Mkazo Unaobaki Mabegani

Msikilizaji, hofu ya kodi ya nyumba au ya mgonjwa aliyelazwa haikai kichwani tu. Adrenalini hupanda, moyo hudunda, na misuli ya shingo, mabega na taya hukaza, tayari kwa kupigana au kukimbia. Lakini kodi haikimbiwi, basi mkazo hubaki mwilini.

Mwaka 1929, daktari Edmund Jacobson wa Chicago alichapisha kitabu kuhusu njia ya kulegeza misuli, ambayo ningetamani ifundishwe katika kila zahanati: kaza ngumi kwa sekunde chache, kisha iachie, uisikie tofauti. Fanya hivyo mabegani, usoni, tumboni, hadi miguuni. Usikaze panapouma. Na maumivu ya kifua, tafadhali, usiyaite uchovu. Nenda hospitali leo hii.