Mizani ya Ghalani na Kompyuta ya Ofisini
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mafiga, Morogoro)



Hakuna jambo livunjalo imani ya mkulima kwa chama chake upesi kama uzito. Mkulima aliyeteremsha pilipili manga kutoka milima ya Uluguru husoma namba kwenye mizani. Karani huiandika kwenye karatasi, na katibu huinakili daftarini. Katika safari hiyo kilo 86 zaweza kugeuka 68, kwa uchovu au kwa hila. Nia yangu ni kueleza namna namba hiyo iwezavyo kufika ofisini bila kunakiliwa.

Mizani nyingi za elektroniki zina mlango wa seriali, yaani hutoa uzito kwa waya, herufi moja baada ya nyingine. Kanuni ya mlango huo ilitolewa Marekani mwaka 1960. Udhaifu wake ni umbali: waya wake hutegemewa kwa mita 15 hivi. Etheneti, iliyobuniwa huko huko Marekani mwaka 1973, hufikisha habari mita 100 kwa waya wa shaba, na mizani kadhaa zaweza kutumia mtandao mmoja.

Kiunganishi cha viwili hivyo ni kisanduku kidogo: upande mmoja huchomekwa waya wa mizani, upande wa pili waya wa mtandao. Fundi azingatie mambo manne.

Kwanza, mipangilio ya mizani na ya kisanduku ilingane, kwa mfano mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Ikitofautiana, kompyuta hupokea herufi zisizosomeka.

Pili, kila kisanduku kipewe anwani yake ya kudumu, ili uzito wa mizani moja usihesabiwe kuwa wa nyingine.

Tatu, programu ipokee uzito uliotulia tu, si wakati gunia lingali likitikisika.

Nne, kisanduku kiwekewe nywila, wala kisiachwe wazi kwenye intaneti.

Chama chenye mizani moja iliyo karibu na meza ya katibu hakina haja ya gharama hiyo. Waya wa kawaida unatosha.

Aidha, tusijidanganye. Kisanduku hakitambui haki wala dhuluma. Hupeleka kile kilichopewa. Mizani iliyochezewa itatuma uongo wake kwa haraka zaidi. Kwa hiyo ukaguzi wa Wakala wa Vipimo ubaki pale pale. Daftari nalo liwe tayari siku umeme unapokatika. Zaidi ya yote, mkulima aendelee kusoma mizani kwa macho yake mwenyewe na kupewa stakabadhi papo hapo. Namba ya mizani, ya stakabadhi na ya ofisini zikiwa moja, mkutano mkuu utajadili maendeleo badala ya kutafuta mwizi.